Kichwa cha Mwenzio Ndicho Darasa

Ukitaka kumjua msusi, usisubiri kichwa kiishe. Kikishakwisha kila kitu kinapendeza: maji ya moto yamezilaza rasta, mafuta yanameta kwenye njia, na mwenye kichwa anajigeuzageuza mbele ya kioo huku akiuliza kama nyuma pametoka vizuri. Mtazame mwanzo kabisa, pale anaposhika chanuo la mkia, anaweka ncha juu ya paji la uso, usawa wa pua, na kuivuta kwenda kisogoni. Mkono uliokomaa huenda mara moja tu, ukaacha mstari wa ngozi ulionyooka toka mbele hadi nyuma. Mkono unaojifunza huenda nusu, husita, hurudi, hufuta, huanza upya. Na mstari huo wa kwanza hausamehe, maana njia zote zitakazofuata hupimwa kwake. Ukipinda kwa upana wa punje ya mchele pale utosini, kufika kisogoni upande mmoja una mafungu sita na wa pili una saba.

Kasokola ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, lakini ni kata ya wakulima kuliko ya wafanyabiashara. Saluni zenye vioo vya ukuta mzima, viti vya kuzunguka na madrayer ziko mjini. Huku kazi hufanyika kibarazani au chini ya mwembe. Mteja anakaa mkekani au kwenye kigoda, msusi nyuma yake kwenye kiti kilichoinuka kidogo, magoti yameshika mabega ya mteja asiyumbe. Vifaa vyote vinaenea kwenye kikapu kimoja: chanuo pana, chanuo la mkia, vibanio vinne au vitano, mkasi, kopo la mafuta, na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Umeme hauhitajiki, na hilo si dogo katika mkoa ambao makao yake makuu yaliwashwa kwa miaka mingi na majenereta ya dizeli ya TANESCO. Mwenye drayer alipokuwa akingoja umeme urudi, msusi wa mwembeni alikuwa ameshaingia kichwa cha pili.

Watu wazima wanaotaka kuingia kwenye kazi hii wapo wengi. Yupo mama ambaye mtoto wa mwisho ameanza shule, yupo kijana aliyechoshwa na vibarua vya tumbaku, yupo dada aliyerudi nyumbani na mtoto mgongoni. Wakiuliza wapi pa kujifunza bila kuuza mbuzi, jibu langu huwaudhi kidogo: sehemu kubwa ya ususi haiuzwi popote. Huna pa kuilipia ada hata ukizitafuta hizo fedha, kwa sababu inapatikana kwa kushika vichwa, kimoja baada ya kingine, mpaka vidole viache kufikiri. Sehemu ndogo iliyobaki inauzwa, na hiyo ndiyo mtu asiifanyie ubahili. Nitaifikia.

Kwanza nimalize kuisifu hiyo sehemu isiyouzwa, kwa kuwa ni rahisi kuidharau. Watu husema kusuka ni jambo la kila msichana, la kujifunza na dada zako wakati wa mchana mrefu. Ni kweli kwamba wengi huanzia hapo, kwa kusukana, au kwa kusuka majani na ndevu za mahindi wakiwa bado hawajaanza shule. Lakini kati ya kusuka na kuwa msusi pana safari, na inaonekana tangu kwenye kuchana. Asiyejua huanzia mizizini na kuvuta kwenda chini, nywele zikiwa kavu, na kila chanuo likishuka unasikia zikikatika. Anayejua hulainisha kwanza kwa maji na mafuta kidogo, hushika fungu kwa mkono wa kushoto katikati ya urefu wake ili mvuto usifike ngozini, halafu hufungua ncha, hupanda kidogo, hufungua tena, mpaka chanuo lifike ngozini bila kizuizi. Kichwa kilekile, chanuo lilelile, mmoja ameacha nusu ya nywele mkekani na mwingine ameacha chache tu.

Kisha njia. Kwa rasta za mafungu, msusi mzuri hazipangi njia kama mistari ya daftari. Mstari wa kwanza kisogoni akigawa mafungu matano, wa pili juu yake anayasogeza ili kila fungu likae juu ya nafasi iliyo kati ya mawili ya chini, kama fundi anavyopanga matofali ya ukuta. Rasta zikilala, kila moja hufunika njia ya mwenzake na ngozi haionekani. Mtafiti mmoja wa Marekani, Ron Eglash, aliandika mwaka 1999 kitabu kuhusu jiometria iliyofichika katika kazi za mikono za Kiafrika, na misuko ilikuwa miongoni mwa mifano yake: fungu linalojirudia, likipungua ukubwa na kugeuka pembe kwa kiasi kilekile kila hatua. Wasusi hawakuwa wakingoja kuambiwa hivyo, ingawa nadhani wangefurahi kusikia kwamba kuna mtu alikaa akahesabu.

Halafu inakuja mizunguko mitatu ya kwanza ya fungu. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Vidole vinashika nywele karibu kabisa na ngozi, rasta iliyokunjwa mara mbili inaingizwa, mafungu yanakuwa matatu, la kulia linapita juu ya la kati, la kushoto vilevile. Ukilegeza hapo, baada ya wiki moja msuko unaning'inia kwenye vinywele vichache. Ukikaza mno, mteja halali usiku huo, na vipele vyeupe vinatokeza kuzunguka paji la uso. Kipimo sahihi hakiandikiki. Msusi anakisoma kwenye ngozi: ikiinuka na kufanya kilima kidogo chini ya fungu, amezidisha. Na anakisoma kwenye mabega ya mteja aliyeyashika kwa magoti, maana mtu anaweza kunyamaza kwa heshima lakini mabega hayanyamazi.

"Mama, nakuumiza?"

"Hapana mwanangu, suka tu."

Mabega yamepanda mpaka masikioni. Msusi mwenye akili analegeza bila kubishana.

Msuko wa kupimia mwanagenzi, kwa maoni yangu, ni twende kilioni. Hauna rasta, hauna madoido, ni mistari iliyolala kutoka mbele kwenda nyuma, ule ambao shule nyingi zinazoruhusu wasichana kusuka huukubali. Kwa sababu hauna kitu cha kuficha, kila kosa linaonekana: mstari mnene pembeni mwa mwembamba, mkono uliochoka ukalegea kuanzia sikioni, njia iliyoyumba. Nimeona watu wanaojua kushonea nywele za bei kubwa wakishindwa twende kilioni ya mtoto wa darasa la tatu. Anayeanza angefaidika kukaa hapo muda mrefu kuliko anavyotamani. Watoto wa mtaa wapo, mama zao watashukuru, na gharama ni mafuta tu.

Mfano mzuri wa mafunzo yasiyo na ada tunao nchini mwetu, tena kwa wanaume. Vijana wa Kimasai waliohamia mijini, Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Zanzibar, wamejijengea jina kama wasusi wa rasta, hasa zile nyembamba zinazokula saa nyingi. Hawakuitoa kazi hiyo chuoni. Morani hufuga nywele, na nywele hizo husukwa na morani wenzake, vijisuko vyembamba vingi vinavyopakwa mafuta na udongo mwekundu, mpaka siku ya sherehe ya eunoto ambapo mama humnyoa mwanawe. Kijana aliyekaa miaka akimsuka mwenzake porini anafika mjini na vidole vilivyokwisha kufuzu. Alichobakiza ni kujifunza majina ya mitindo na kuzoea nywele bandia. Wateja waliocheka mwanzoni kumwona mwanamume mwenye rubega ameshika chanuo, baadaye walipanga foleni.

Kwa mtu wa Kasokola ambaye hakupata bahati ya kusuka wenzake tangu utotoni, njia ya kawaida ni kukaa chini ya msusi aliyekomaa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na kuvukuta kwa ususi ni kufumua. Mwanagenzi anaanza kwa kufumua vichwa vya wateja wanaokuja kusuka upya, kuosha, kuchana, kuchambua rasta na kuzipanga mafungu mapajani ili msusi asipoteze muda kunyoosha mkono. Wengi hukata tamaa hapa, wakiona wamefanywa watumishi. Mimi nakuona kufumua kuwa somo la kwanza halisi. Unaufungua msuko wa mtu mwingine kinyumenyume, unaona alivyoongeza rasta, alipoficha fundo, alipokaza bila sababu. Na kuchambua rasta nako si kazi ya kipuuzi. Nywele bandia za aina ya Kanekalon, ambazo kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuzitoa mwaka 1957, hutoka kiwandani ncha zote zikiwa sawa. Usipozivuta kidogo kidogo ili ncha zitofautiane, msuko unaisha ghafla, butu. Ukizichambua vizuri unakonda taratibu mpaka mwisho, na ukichovywa kwenye maji ya moto nyuzi hizo hushika umbo ulilozipa na kubaki nalo.

Baada ya hapo mwanagenzi hupewa kisogo. Kisogo kina faida mbili: nywele zake huvumilia, na mteja hakioni. Kutoka kisogoni anapanda kwenda pembeni, na mbele kabisa, zile nywele laini za kuzunguka paji la uso, anazifikia mwisho. Katika soko la Kenyatta jijini Nairobi, maarufu kwa wasusi wake, si ajabu kukuta watu watatu au wanne kwenye kichwa kimoja, kila mmoja na upande wake. Mteja anafurahia kumaliza mapema. Anayejifunza anapata kingine zaidi: fungu lake lazima lifanane na la msusi aliyekaa upande wa pili, unene uleule, mkazo uleule, la sivyo kichwa kizima kitamshtaki. Hata Kasokola vichwa vya mkesha wa Idi na Krismasi husukwa kwa mtindo huo, na mwanagenzi aliyekuwa akifumua tu Jumatatu anajikuta Jumamosi ameitwa kushika kisogo kwa sababu watu wamejaa.

Malipo ya kujifunza namna hii ni ya mapatano. Wapo wanaodai fedha kidogo mwanzoni, wapo wanaochukua kazi ya mwanagenzi badala ya fedha. Shauri langu ni moja tu, nalo ni la karatasi na kalamu: muandikishane muda, mambo yatakayofundishwa, na siku ambayo mwanagenzi ataanza kupata mgawo wa kichwa alichoshika. Mapatano ya mdomo katika kazi hii yana tabia ya kurefuka. Mtu anajikuta mwaka wa pili anachota maji na kufagia nywele, akiambiwa bado kidogo.

Mazoezi ya nyumbani hayahitaji gharama. Rasta zilizofumuliwa, zikioshwa na kukaushwa, zinafungwa kwenye mguu wa kiti zikawa kichwa cha usiku. Katani inafaa pia. Wala mwanagenzi asinunue pakiti za rasta kuweka akiba. Mteja aje na zake. Tangu bajeti ya mwaka 2019/20, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, alipotangaza kodi ya asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoagizwa nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, bidhaa hii imekuwa ya kuhesabiwa, na hadi ifike Mpanda imeshaongezewa nauli ya njiani. Msusi wa kijijini anauza mikono.

Kalenda nayo imempendelea mkulima. Mvua za Katavi hunyesha kuanzia Novemba mpaka Aprili au hapo karibu, na wakati huo hakuna mtu mwenye saa sita za kukaa kigodani. Mavuno yakishaingia, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: mwanagenzi anapata nafasi, na wateja wanapata fedha. Harusi, ngoma, safari za kutembelea ndugu, vyote vinajazana kiangazi. Anayetaka kujifunza aanze mwezi Mei, mazao yanapoanza kuingia ghalani, ili ifikapo kilele cha msimu awe ameshatoka kwenye kufumua.

Sasa ile sehemu inayouzwa. Ni dawa. Namaanisha dawa za kulainisha nywele, rangi, na vyote vinavyowekwa kwa brashi na glavu. Hapa kujifunza kwa kutazama hakutoshi, na hapa ndipo ninapomwambia mtu atafute darasa hata kama itabidi akope nauli. Kwenye kipimo cha pH, ambacho maji safi yana 7, dawa za kulainisha hufika 12 hadi 14. Nguvu hiyo ndiyo inayovunja vifungo vinavyoufanya unywele ujikunje, na dawa haijui tofauti kati ya unywele na ngozi. Kwa hiyo kuna mambo ambayo lazima mtu ayajue kwa sababu zake: kwa nini kichwa kisikunwe wala kuoshwa siku moja mbili kabla, kwa nini ngozi ipakwe mafuta mazito kwanza, kwa nini ritachi iguse tu nywele mpya zilizoota, kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, na isirudie zile zilizokwisha kulainika, kwa nini shampuu ya kuzimua isiachwe hata kama mteja ana haraka. Rangi nyeusi nyingi zina kemikali iitwayo PPD inayoweza kuvimbisha uso mzima wa mtu asiyepatana nayo, na njia ya kujua ni kupaka tone nyuma ya sikio na kungoja saa 48. Ni wangapi hungoja?

Kuna na la zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11 walieleza kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha asilimia 4.05 kufikia umri wa miaka 70, dhidi ya 1.64 kwa wasiotumia. Utafiti mmoja haufungi mjadala, lakini msusi anayeshika dawa hizo kila siku, mara nyingi bila glavu, ana haki ya kuusikia kabla ya mtu yeyote.

Madarasa yapo, na karibu kuliko watu wanavyodhani. Katavi ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya, na Mpanda kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA. Vyuo vya maendeleo ya wananchi ni wazo la Mwalimu Nyerere, aliyependezwa na shule za watu wazima za nchi za Skandinavia. Mwaka 1970 aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kuanzia 1975 vyuo hivi vikaanzishwa kwa msaada wa Sweden, vikikusudiwa mtu mzima wa kijijini ambaye hana cheti cha kuonyesha na hana miaka minne ya kukaa darasani. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kwa miaka mingi ada ya kozi zake ndefu ilikuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni, kiasi ambacho familia ya wakulima iliweza kukifikiria bila kizunguzungu. Kozi fupi zina bei zake, na fani hutofautiana chuo hata chuo na mwaka hata mwaka, kwa hiyo mtu afike mwenyewe aulize orodha ya msimu huo. Mtu ambaye vidole vyake vimeshaiva hana haja ya miaka miwili. Anahitaji wiki chache za dawa, ngozi, usafi na hesabu za biashara.

Nataja Msaginya kwa sababu nyingine pia. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba Katavi ndiyo iliyoongoza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Wasichana wale sasa ni wanawake wazima, wana watoto walio shule, na wengi wao hawakurudi darasani kwa kuwa mpaka Novemba 2021 shule za serikali hazikuwapokea tena. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilikuwa mlango uliobaki wazi. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na vyuo hivyo pamoja na shirika la Karibu Tanzania, mama kijana anaweza kusoma na mtoto wake akalelewa palepale chuoni. Kwa msusi mtarajiwa mwenye mtoto anayenyonya, chekechea hiyo ni muhimu kuliko punguzo lolote la ada.

Na cheti je? Wasusi wakongwe hukicheka, nami nilikuwa nikicheka pamoja nao, hasa niliposoma habari za California. Kule, msusi wa nywele za asili alitakiwa kwanza amalize saa 1,600 za chuo cha urembo ambacho hakikumfundisha karibu chochote kuhusu kusuka. JoAnne Cornwell, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Diego na msusi, akaenda mahakamani, na mwaka 1999 mahakama ya shirikisho ikakubaliana naye kwamba kumlazimisha mtu hivyo ni kumwonea. Sisi tulikuja na namna yenye busara zaidi. VETA, kwa kusaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, ilianza kati ya 2009 na 2010 utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini: fundi anahojiwa, anafanya kazi mbele ya mtahini, anaelekezwa penye pengo, anapewa cheti. Ulianza na fani kama uashi, useremala na upishi. Huko ndiko msusi wa mwembeni angepaswa kupelekwa, na ofisi ya VETA Mpanda ndiyo pa kuuliza lini fani yake itaingia kwenye mzunguko. Cheti hakitamfundisha kunyoosha njia. Kitamfungulia mlango wa kuomba kazi saluni ya hotelini, au wa kuaminiwa na kikundi kinachoomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi mwaka 2024, na waliokuwa wamejipanga kwa vikundi na karatasi ndio waliotangulia.

Nimeongea mengi ya ofisi. Turudi mkekani, kwa kuwa kuna somo moja ambalo hakuna chuo kinachoweza kulifundisha haraka, nalo huja wiki sita baada ya kazi.

Mteja amerudi kufumua. Wiki sita zinatosha. Nane ni nyingi. Mwanagenzi anakata ncha, anafungua msuko wa kwanza, anavuta rasta, na mkononi anabaki na donge la nywele. Anashtuka, anamwangalia mteja kwa hofu. Msusi hashtuki. Kichwa cha mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kila siku, na zilipokuwa zimefungwa msukoni hazikuwa na pa kwenda, kwa hiyo baada ya wiki sita kuna maelfu yanayosubiri kutoka kwa mkupuo. Anachofanya ni kulichukua lile donge, kulifungua kwenye mwanga na kuangalia unywele mmoja mmoja. Mrefu wenye kinundu cheupe mwishoni ulitoka kwa siku yake. Mfupi usio na kinundu ulikatika, na kilichoukata ni ama chanuo kwenye nywele kavu ama mkono uliovuta. Kisha anainua taa ya simu na kutazama paji la uso na juu ya masikio, mahali ambapo upara wa kuvuta huanzia. Maradhi hayo ni ya kale na hayana kabila: daktari aitwaye Trebitsch aliyaeleza mwaka 1907 baada ya kuwaona wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kuzikaza juu ya kichwa.

Kinyozi hajinyoi, na msusi mwenyewe wakati huo amejifunga kitambaa, nywele zake hazijaguswa tangu wiki iliyopita. Anahesabu vile vifupi. Vikiwa vichache, anampa mwanagenzi chanuo la mkia na kumwambia leo uanze wewe kugawa. Vikiwa vingi, na vyote vimetoka upande wa kushoto karibu na sikio, anakumbuka vizuri ni nani aliyekaa upande ule siku ya mkesha, na huyo anarudishwa kisogoni.